Picha Moja ya Kubakisha

Barua ilifika ndani ya simu siku ya Jumatano, na mdogo wangu Ikirezi akaisoma amesimama, mkono mmoja umeshika mlango. Chuo kikuu kimoja cha Kigali kilikuwa kinamwita kwenye mahojiano ya masomo ya filamu. Wameitwa watu sitini, watachukuliwa ishirini. Kila mmoja atakaa dakika kumi na tano mbele ya walimu watatu, na watatazama naye filamu aliyowatumia: dakika tatu, bila maneno, juu ya kazi ya mikono. Swali moja waliliandika kabisa kwenye barua: Tukikuambia uondoe picha zote ubakishe moja tu, utabakisha ipi, na kwa nini?

Siku nane.

"Nane zinatosha," nilimwambia.

Mimi ni Feza, dada yake mkubwa, ndiyo maana ananiita yaya, yaani dada. Ninakaanga sambaza, visamaki vya ziwani, kando ya barabara ya Gihundwe, pale wanapopita wanafunzi na watu wa hospitali. Mama yetu, Maman Béata, anavusha mboga kwenda Bukavu kila asubuhi. Alilelewa huko kabla ya kurudi Rwanda, na nyumbani tunasema Kiswahili cha huko, chenye 'njo' pa 'ndiyo', 'ba' pa 'wa', na 'juu ya nini' pa 'kwa nini'. Kuhusu filamu ya Ikirezi nilijua kitu kimoja tu, kwamba aliirekodi kwenye jiko langu. Nyumbani hakuna aliyekuwa ameiona.

Maman akasema hatuwezi kumpeleka mtoto mbele ya maprofesa bila mtu wa kumfundisha kusema. Akaenda kumwita Mzee Karangwa.

Kwetu hakuna anayesema kama Mzee Karangwa. Siku ya gusaba, familia ya kijana inapokwenda kuposa, yeye ndiye anayesimama kusema kwa niaba yao, kuanzia Gihundwe mpaka Mibirizi. Kazi hiyo ina namna yake. Husemi ulichokuja kutafuta. Unaanza na mvua, na ng'ombe, na babu wa babu. Wenye nyumba wanajifanya hawana msichana kabisa, na wewe unajifanya ulipita tu kuomba maji. Mnachokozana, watu wanacheka, na jua likishapinda ndipo jina la msichana linatajwa. Mzee anaweza kufanya hivyo saa mbili nzima bila kukohoa.

Alikuja na kofia na fimbo, akakaa kwenye kiti uani, akajitupia kitenge cha Maman begani.

"Mimi njo profesa," akasema. "Wewe binti, unaitwa nani?"

"Ikirezi."

"Mubaya! Umeshamaliza! Sasa tutasema nini? Muntu akikuuliza jina, unaanza na nyumba mulikotoka. Unamusalimia, unasalimia na wenye balimuzaa, unamuuliza kama barabara ya kwao iko na matope."

"Mzee, niko na dakika kumi na tano tu."

"Dakika kumi na tano! Mimi nazimaliza kwa kuvua kofia."

Maman alicheka mpaka akajifuta macho.

Ikirezi alijifunza haraka. Kufika Ijumaa, ukimuuliza kwa nini anataka kusomea filamu, alikuwa anaanza na milima, anashuka ziwani, anapita kwa mababu mmoja mmoja. Ilikuwa nzuri kusikia. Jirani yetu Maman Uwamahoro alipiga makofi kutoka upande wa pili wa ua.

Mimi jiko nilikuwa nimelileta hapo hapo uani, nakaanga. Sambaza za kikaango kimoja zinaiva kwa dakika nne. Nilizitia Ikirezi alipoanza kujibu, zikaiva, nikatia nyingine, zikaiva, naye bado alikuwa kwa mababu. Na ile kazi yenyewe aliyoirekodi, mafuta na moto na mikono, alikuwa hajaigusa hata kidogo.

Nilitaka kwanza kuona vizuri.

Jumamosi nilisogeza jiko karibu nao. Nikaona kwamba kwenye maswali mengine Ikirezi anapotea kidogo, kisha anarudi. Lakini Mzee alipofika kwenye ile picha moja ya kubakisha, mtoto alilikimbia swali moja kwa moja. Maneno yakazidi kuwa matamu, na kidole gumba cha mkono wa kulia kikaingia ndani ya ngumi. Kidole hicho ninakijua. Toka mdogo kinaingia pale akiwa na kitu anaficha.

Mzee alipoondoka nikamwambia, "Nionyeshe filamu."

"Yaya, nilisema mutaiona nikirudi."

"Nionyeshe."

"We unajua nini ya filamu?"

Niliona jinsi alivyotaka kulirudisha neno hilo mdomoni. Nilinawa, nikajifuta, nikanyoosha mkono mpaka akaniwekea simu.

Kwanza mafuta yanachemka. Kisha vidole vyangu vinatoa uchafu kwenye sambaza mbichi. Kisha mimi mwenyewe. Mifuko ya plastiki kwetu imekatazwa, kwa hiyo nafunga samaki kwa kurasa za madaftari ya zamani ya wanafunzi. Katika picha hiyo nimeshika ukurasa, naufuata kwa kidole, midomo inacheza. Pembeni unaonekana mkono wa mteja, mkono peke yake, umenyooshwa unangoja. Unangoja, unachoka, unashuka. Mimi bado nasoma. Halafu nafunga samaki kwa ukurasa mwingine, na ule niliokuwa nasoma nauweka kwenye mfuko wa sketi.

Uso uliniwaka moto.

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya pipa ya maji. Ukiona simu unaacha kazi, unaanza kutengeneza kitambaa ya kichwa."

Hiyo ni kweli.

"Njo hii picha ya kubakisha?"

"Njo hii." Machozi yalikuwa yameshaanza. "Lakini nikiisema, bataniuliza juu ya nini anasoma vile. Bataniuliza ulifika darasa gani. Sitaki balimu batatu bakae pale banakuzungumuza."

Nilikasirika, sitaficha. Niliacha shule mwisho wa darasa la sita, mwaka Papa, baba yetu, alipokufa, Ikirezi akiwa ndiyo anaanza la kwanza. Mtaa mzima unajua hivyo. Lakini kujiona ndani ya kioo kidogo, nikisoma kama mtu anayekula kitu cha moto, lilikuwa jambo jingine. Nilirudi kwenye jiko, nikakaanga kikaango kizima. Nikafikiri: aibu hii ni yangu, si ya Ikirezi. Na kama ni yangu, hakuna mwingine anayeweza kumwondolea njiani.

"Sita," nikamwambia. "Bakikuuliza darasa, useme sita. Usizunguke."

"Yaya..."

"Sema."

"Sita."

"Bila kidole."

Akaangalia ngumi yake, akaifungua.

Jumapili baada ya misa nilikaa kwenye kile kiti kabla Mzee hajafika. Alisimama mlangoni na fimbo yake.

"Nani ule amekaa ndani ya chuo kikuu yangu?"

"Mzee, leo uwe mwalimu wa tatu. Ule mwenye ameshasikiliza batoto makumi tano na ana njaa."

"Njaa niko nayo kweli. Leta sambaza."

Maman alinikazia macho. "Feza, uko na heshima?"

"Niko nayo, Maman. Siku njo zinakwisha."

Niliweka simu katikati ya meza ili wote waitazame filamu. Ilipofika kwenye picha yangu, Maman alivuta pumzi. Nikaanza kuuliza.

"Utabakisha picha gani?"

"Ile ya dada yangu anasoma."

"Kamera ilikuwa wapi?"

"Nyuma ya pipa ya maji. Nilijificha."

"Usiseme ulijificha!" Mzee akapiga fimbo chini. "Batakuita mwizi!"

"Nilijificha, Mzee. Bila vile hii picha haingekuwa."

"Juu ya nini hukuikata?" nikauliza. "Ni ndefu."

Akairudisha filamu mpaka kwenye ule mkono unaongoja. Nikamwacha.

"Nilitaka mwenye kuangalia achoke pamoja na ule mukono," akasema. "Achoke, kisha aone kama dada yangu hachoki."

Mzee alikuwa na samaki njiani kwenda mdomoni. Alimrudisha kwenye sahani.

"Na kwenye ule ukurasa," akauliza taratibu, "kuliandikwa nini?"

"Sijui."

"Sijui! Mbele ya maprofesa!"

"Umuache, Mzee," nikasema.

"Sijui, sikumuuliza. Niliogopa atajua nilimuona."

Yote yalikwisha kwa dakika saba. Mzee alivua kofia, akajipangusa kichwa, akaivaa tena.

"Huyu tukimutuma kuposa," akasema, "tutarudi nyumbani mbele ya kinywaji kuletwa." Kisha akanigeukia. "Na wewe unauliza kama askari wa mupaka."

"Nauzia bantu benye haraka."

"Muulize tena basi. Mara hii nitajifanya nimelala."

Tulimuuliza mpaka Jumanne jioni. Nilimuuliza akifua, nilimuuliza akichota maji. Maman alikuwa anarudi kutoka Bukavu na beseni kichwani, na kabla ya salamu anaanzia mlangoni: "Kamera ilikuwa wapi?" Jumatano asubuhi Ikirezi alipanda basi la Kigali, alale kwa mama mdogo Teta.

Alhamisi karibu na saa sita simu iliita. Nilikuwa na wateja wanne.

"Yaya, nimetoka."

"Sema."

"Balisimamisha filamu pale kwako. Dakika tisa hatukutoka pale. Mumoja aliuliza darasa."

"Ukasema?"

"Sita. Akauliza tena: na yeye anajua uko hapa unatuambia haya? Nikasema njo yeye alinifundisha kuyasema."

"Kisha?"

"Kisha baliniambia merci, asante tu. Sijui, Yaya. Mwenye alinifuata alikuwa na kamera kubwa sana."

"Kamera kubwa haitajibu maswali. Kula, kisha urudi."

Majina yalitoka Jumatatu. Lake lilikuwa la kumi na saba. Maman alipiga kelele mpaka Maman Uwamahoro akaja mbio akidhani kuna msiba, na Mzee Karangwa akatuma neno kwamba profesa anangoja sambaza zake.

Jumanne nilizima jiko mapema, nikapanda mpaka soko la Kamembe kutafuta godoro, maana barua ya pili ilisema kila mwanafunzi aje na lake. Mwenye duka akaniuliza ni la nani.

"La mudogo wangu. Anaenda Kigali kusomea filamu."

"Filamu! Atasoma miaka ngapi?"

"Tatu."

Akanyoosha mkono kwenye magodoro laini ya mbele. Nikayabonyeza moja moja, sikuyapenda. Nikamwambia ashushe lile la juu kabisa, gumu, litakalofika mwaka wa tatu.