Tone Moja Tu la Maji

Wiebe alikuwa akiomba karavani ivuje. Hakuomba kwa sauti, maana si mtu wa kanisa kiasi hicho, lakini aliomba kwa dhati, ameketi peke yake ndani ya kile kinyumba cha kukokotwa na gari, tochi mkononi na kofia magotini. Nje, mkewe Jeltje alikuwa akivuta mpira wa maji kutoka bomba la jikoni.

Masharti aliyaweka yeye mwenyewe. Siku Jeltje alipokuja na karavani ile kuukuu, yenye mapazia ya rangi ya chungwa na harufu ya kuvu, Wiebe alikubali shingo upande. Wataimwagia maji kabla ya safari. Likiingia tone moja tu, inarudi ilikotoka, nao wanakwenda hotelini Valkenburg kama kila mwaka. Kule Wiebe ana kiti chake karibu na dirisha, na yai la kuchemsha huletwa mezani. Huko msituni Drenthe, anakotaka Jeltje wakapige kambi, kuna nini? Kukatiza mbele za watu asubuhi kwenda choo cha wote, karatasi ya chooni kwapani, basi!

Jeltje alisema sawa. Akaisugua, akaziba mianya kwa gundi, akashona foronya mpya. Leo ameileta mbele ya nyumba kupakia viazi na kahawa, na bila shaka Harm, jirani yao, ameshafika, mikono mfukoni.

"Ukitaka ushauri wangu, Jeltje..."

"Siutaki, Harm."

"Anzia juu. Maji yanapenda kona."

"Na hiyo mikono imeota mizizi humo mfukoni? Njoo ushike ngazi!"

Maji yakaanza kupiga paa. Wiebe akapitisha tochi darini polepole. Juu ya jiko, pakavu. Juu ya kitanda, pakavu. Akaudhika kweli. Huyu mwanamke kaiziba vizuri namna hii lini?

Ndipo akamsikia akiimba.

Jeltje hakuwa ameimba tangu alipofunga duka lake la nyuzi za kufumia. Tangu hapo ni televisheni na "mm", ukimuuliza chai, "mm", ukimuuliza mvua, "mm". Wiebe alikuwa ameuzoea ukimya ule, akadhani ni amani. Sasa alizima tochi ili asikie vizuri. Alikuwa amemkosa mke wake, na wanalala kitanda kimoja.

Tone likamwangukia katikati ya kipara. La baridi, kutoka pembeni mwa kidirisha cha darini. Likafuata la pili.

"Wiebe!" Wimbo ulikatika. "Umelala huko? Vipi?"

Valkenburg hiyo hapo, inasubiri neno moja. Wiebe akavaa kofia yake.

"Kavu!"

"Kabisa?"

"Kavu kama biskuti! Endelea na wimbo wako!"

Badala yake maji yakafungwa, na Jeltje akaingia, mikono ya blauzi imelowa. Akamtazama. Katikati ya kutazamana huko, tone likagonga kofia: to!

Harm akachungulia mlangoni. "Nimesikia kitu."

"Hujasikia kitu!" wakasema wote wawili kwa pamoja.

Jeltje akafungua kabati, akatoa kisufuria, akakiweka sakafuni chini ya lile tone bila hata kutazama juu.

"Kumbe ulijua?" Wiebe akauliza.

"Tangu siku ya kwanza. Gundi haishiki pale."

"Na bado ukakubali nijaribu?"

"Nilitaka kuona kama utasema."

Jeltje akamvua kofia, akampangusa kipara kwa ncha ya aproni, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

"Yai la kuchemsha nitakuletea mezani," akasema. "Karatasi ya chooni utabeba mwenyewe."