Nzi wa Nywele

Kila asubuhi, chai ya wageni ikishachemka, Zipora aliketi kwenye baraza ya nyuma ya hoteli, akabana ndoana kwenye jiliwa dogo lililofungwa pembeni mwa meza, akaanza kutengeneza nzi wa bandia wa kuvulia samaki. Manyoya ya shingo ya jogoo yalikuwa mbawa, uzi wa cherehani ulikuwa kiwiliwili, na mkia ulitokana na singa za mbuzi. Nzi akikamilika alimfuta kwa upindo wa kanga, akamlaza juu ya kipande cha sponji pamoja na wenzake.

Ziwa lilikuwa mbele yake, dogo, limekaa kati ya vilima juu ya Kibakwe. Maji yake yalikuwa baridi hata kiangazi, wakati watu wa Dodoma mjini wakilala na madirisha wazi kwa joto. Kwa ajili ya baridi hiyo Mzee Batholomeo, mwenye hoteli, aliagiza trauti wachanga, samaki wa maji baridi, kutoka nyanda za juu kusini, wakaletwa kwa lori ndani ya mapipa, na kwa ajili ya trauti wakaja wageni. Walisimama majini wamevaa mabuti ya mpira yanayofika kiunoni, wakarusha mshipi mbele na nyuma kama mtu anayeswaga ng'ombe, mpaka nzi akatua juu ya maji na samaki akapanda kumla. Kisha walimtoa samaki ndoana, wakapiga naye picha, wakamrudisha majini.

Jambo hili lilijadiliwa sana kwenye vilabu vya pombe Kibakwe. Kumla samaki kulieleweka. Kumwonea huruma usimvue kabisa, hata hilo lingeeleweka. Lakini kumtoboa mdomo, kumtazama, kumbembeleza, kisha kumwachia ili kesho umtoboe tena, hilo watu waliliona ni ukatili wa walioshiba. Walisema hivyo, wakaagiza kata nyingine.

Kabla nzi hawajapelekwa kwa wageni, Mzee Batholomeo aliwapitia mmoja mmoja, naye alikuwa na desturi ya kuwatia mdomoni. Alimbana nzi kwa midomo, akamlowesha kwa mate, akamvuta taratibu kuona kama uzi unalegea, kisha akamtema kiganjani.

"Huyu yuko sawa, mama," alisema. Au, "Huyu mfunge upya."

"Sawa, Mzee," Zipora alijibu.

Batholomeo hakuwa mtu wa kuja. Kitovu chake kilizikwa pale pale. Enzi za vijiji vya ujamaa alikuwa mwenyekiti, na ndiye aliyegonga kipande cha reli alfajiri kuwaamsha watu wakachimbe mtaro wa kuteremsha maji ya ziwa hadi kijijini, akiwaambia kuwa maji ni mali ya umma. Waliochimba bado wana sugu viganjani. Ilipofika miaka ya ruksa, mitumba ikajaa magulioni na sabuni ikarudi madukani, Batholomeo naye akabadilisha kofia. Karatasi zilikwenda wilayani zikarudi na mihuri, na ziwa likawa lake. Akaliwekea uzio wa seng'enge, akauziba mtaro kwa zege, akaweka geti na walinzi. Wanawake wakaanza kuteremka hadi kijito cha bondeni, mwendo wa nusu siku kwenda na kurudi, na tope walilipata bure.

Elieza, mume wa Zipora, alikuwa fundi mwashi, mtu wa maneno machache na kiburi kidogo. Kijito kilipokauka, alipita chini ya seng'enge mchana kweupe akiwa na ndoo mbili. Hakufuata samaki. Walinzi wakamkamata, Damas akiwa mbele, wakamfikisha kwa Batholomeo, naye hakupandisha hata sauti.

"Huyu anataka maji," alisema. "Mpeni maji."

Walimsimamisha ziwani, maji yakimfika kifuani, tangu asubuhi mpaka ng'ombe waliporudi zizini. Wageni waliokuwa wakivua siku ile walidhani ni kazi fulani ya hoteli, na mmoja alimpiga picha. Elieza alipotolewa meno yalikuwa yakigongana hata jina lake hakuweza kulitaja. Kikohozi kilimshika siku ile ile na hakikumwachia mpaka alipozikwa.

Batholomeo alihudhuria mazishi. Alileta gunia la mchele, akasimama kando ya kaburi, akavua kofia, akawaambia watu kuwa marehemu alikuwa na kifua kibovu tangu utotoni, na kwamba Mungu amempenda zaidi. Watu waliinamisha vichwa. Wote walijua, na wote walikula ule mchele.

Toka siku hiyo Zipora alitaka kitu kimoja tu. Hakutaka fidia wala ng'ombe. Alitaka mdomo ule ule usimame kwenye kaburi lile lile, mbele ya watu wale wale, useme: Ni mimi niliyemtia majini. Alikwenda polisi. Wakamuuliza nani aliona, akasema wageni. Wakamuuliza wageni wako wapi, akasema wamerudi kwao Ulaya na picha wanazo. Polisi walimpa pole. Akaenda kwa Batholomeo mwenyewe, akamwambia anachotaka, naye Batholomeo akamsikiliza kwa upole mkubwa, kisha akampa kazi.

Zipora aliikubali. Kijijini walisema amenunuliwa kama kuku wa mnadani. Hilda peke yake, dada wa marehemu, hakusema kitu, maana alikuwa amemwona wifi yake siku ya kuanua matanga.

Siku hiyo akina mama walimnyoa Zipora kipara, na Hilda akapewa nywele akazizike. Kwa akina Elieza nywele za mjane huzikwa kabla jua halijazama, chini kabisa ya shimo la kichuguu, wasije ndege wakazijengea kiota au mtu akazila kwa bahati mbaya. Zikiingia kinywani mwa mtu asiye na kosa, humtapisha tu. Zikiingia kinywani mwa aliyesababisha msiba, humpeleka pale alipompeleka marehemu. Hilda alichimba shimo, akageuka kuchukua jiwe la kufunikia, na alipogeuka tena nywele zilikuwa zimepungua na Zipora alikuwa anafunga fundo kwenye kanga yake. Hilda akaweka jiwe.

Zipora hakuharakisha. Alimchukia Batholomeo kwa moyo wake wote, na kila siku alipomwona akinywa chai chuki ile ilinenepa. Alijifunza kwanza kufunga nzi wa kawaida mpaka wageni wakawa wanamwagizia wa kwenda nao kwao. Ndipo asubuhi moja akafungua fundo la kanga, akatengeneza nzi mfupi, mweusi, mwenye mvi mbili tatu kwenye mkia.

Batholomeo alimtia mdomoni. Akamlowesha, akamvuta, akakohoa kidogo, akameza mate.

"Huyu umemtengeneza kwa nini?"

"Nywele, Mzee."

"Nywele za nini?"

"Za msiba."

Batholomeo alimgeuza nzi kiganjani. Alizijua habari za kichuguu kama alivyojua jina la mama yake, lakini alikuwa ameshapanda ndege na ameshakula kwenye mahoteli ya Arusha, na aliona mambo yale yamebaki chini huko, pamoja na waliochimba mtaro.

"Mambo ya bibi zetu hayo," akasema. "Lakini zinalala vizuri. Nitengenezee wengine kama huyu."

Zipora akamtengenezea, na Batholomeo akawaonja wote.

Kwanza ilikuwa kiu. Alikunywa mtungi mzima kabla ya chakula, na mwingine baada yake. Kisha Emilia, mkewe, akiwa anamsugua mgongo, aliona madoa meusi yenye duara jekundu kuanzia mabegani mpaka kiunoni. Daktari wa wilayani alimpa dawa ya kupaka, akamshauri apunguze chumvi. Zilipofunguka nyufa nyuma ya masikio, Batholomeo alinunua skafu. Aliendesha kikao cha hoteli akiwa ameketi ndani ya beseni la kufulia, na ajenda zote zilipita. Vijana waliopita walimpa shikamoo, naye akawaitikia marahaba, kila mara akichovya uso majini kabla ya kuendelea.

Mwishowe akahamia ndani ya pipa, uani. Miguu ilikuwa imeungana na mikono imebaki kama viganja vya mtoto, lakini kichwa kilikuwa bado cha Batholomeo. Kilichomtisha Zipora ni sauti. Kila siku ilipungua, maneno yakitoka machache zaidi na yenye maji zaidi, na alichokitaka yeye kilikuwa ndani ya sauti ile. Alikuwa ameiwazia adhabu muda mrefu akasahau kuwa samaki hana ulimi wa kusemea. Akavuta kigoda kando ya pipa.

"Mzee, sema," alimwambia. "Nitaita watu tukubebe mpaka kaburini na pipa lako. Sema, basi."

"Nirudishe kwanza," Batholomeo alisema.

"Sema kwanza."

"Ukinirudisha nitasema. Nitasema hata kanisani."

Zipora hakujua kumrudisha. Hakuna aliyewahi kujua, maana hakuna aliyewahi kutaka. Lakini alinyamaza, akaacha mtu yule afikiri kuwa anajua na anamnyima, na alipoona macho yanamsihi, moyo wake ulipoa kidogo, kama kidonda kinapotiwa maji.

"Sema kwanza," alirudia.

Walikaa hivyo mpaka vivuli vikarefuka, wabishi wote wawili, kama watu wanaogombania bei sokoni. Emilia alikuja, akabadilisha maji, akaondoka. Hatimaye Batholomeo alifumba macho, akayafumbua, akainua kichwa nje ya maji. Akavuta pumzi ya mtu aliyeamua. Mdomo ukafunguka, na kilichotoka ni povu.

Zipora aliinamisha sikio karibu kabisa na pipa. Mdomo ulifunguka tena, ukajifunga, ukafunguka. Labda alikuwa anasema. Labda alikuwa anamwambia Emilia akumbuke kufunga geti. Kesho yake hata kichwa kilikuwa cha samaki.

Walinzi walilibeba pipa hadi ziwani, Damas akiwa mbele. Katekista alisali sala fupi, kwa kuwa hakupata kitabuni sala inayofaa, na Batholomeo akamiminwa pale pale Elieza aliposimamishwa. Alizunguka mara moja miguuni mwao, akaingia kwenye kina. Emilia alilia kiasi, akajifuta, akaenda kuwapangia wapishi chakula cha jioni.

Hoteli haikufungwa hata siku moja. Emilia alikuwa na akili ya biashara kuliko marehemu, kama kweli mumewe alikuwa marehemu, jambo ambalo hakulitolea kauli. Maofisa wa wilaya walipokuja kumtafuta, aliwaambia Mzee yuko ziwani.

"Anavua?"

"Anavuliwa."

Wakaandika hayupo, wakala, wakaondoka.

Na kweli alivuliwa. Alikuwa trauti mkubwa kuliko wote, mnene, mwenye madoa yaliyoiva, na wageni walitoka mbali kumfuata. Hakugusa nzi wa manyoya ya jogoo. Alipanda kwa nzi wa nywele tu, na nywele zile zilipokwisha, Zipora ilibidi anyoe nyingine. Akawa ananyoa kila zilipoota. Kitambaa cheusi hakikumtoka kichwani.

Mara ya kwanza alipomwona ndoana imemkaa mdomoni, Zipora alifurahi, furaha nzito ya mtu aliyekula akashiba, wala hakuona haya. Mara ya pili pia. Kazi ya kumtoa ndoana ikawa yake, kwa sababu mikononi mwa wengine alipapatika, na mikononi mwake alitulia. Mgeni alipokwisha kupiga picha, Zipora alimshika chini ya tumbo, akamtazama.

"Sema," alimwambia.

Mdomo wenye makovu ulifunguka, ukajifunga. Zipora akachomoa ndoana, akamrudisha majini.

Kiangazi kikarudi, kijito kikakauka. Emilia alisogeza seng'enge ya upande wa kijijini hadi chini ya kilima, kwa kuwa wageni hawakupenda kutazamwa, na Damas akawa mkuu wa walinzi. Siku moja adhuhuri Hilda alipita na ndoo tupu, akasimama nje ya uzio karibu na baraza Zipora alipokuwa anafunga nzi.

"Wifi," alisema, "nywele utaziacha ziote lini?"

"Akisema."

"Samaki hasemi, wifi."

"Najua."

Hilda alitazama ziwani. Mgeni mmoja ufito wake wa mshipi ulikuwa umepinda, na wenzake walikuwa wanampigia makofi.

"Na siku wakimla?"

"Hawamli. Wanamrudisha."

"Kwa hiyo hatakufa."

"Hatakufa."

"Basi aliyekufa ni Elieza tu," Hilda alisema.

Zipora alikaza uzi kwenye ndoana. Damas alikuwa anakuja kwa kufuata uzio, rungu kwapani.

"Mama, sogea na hiyo ndoo," alimwambia Hilda. "Hapa hakuna maji."

Hilda akasogea. Kutoka ziwani walikuwa wanamwita Zipora aje kutoa ndoana, naye akajifuta mikono, akaenda.