Muhogo wa Usiku Mmoja

Neno lile nililipata bombani, likanikaa kifuani lisishuke wala lisipande: unga wa njano wa serikali unalegeza miguu ya watoto.

"Shoga, usimpe mwanao ile Yanga," Mwanahawa, jirani yangu, aliniambia huku akinitwisha ndoo. Yanga ndilo jina tuliloyapa mahindi ya msaada mwaka ule wa njaa, 1974, kwa ajili ya rangi yake, kama jezi za timu ya mpira ya Yanga. "Kule Bukene watoto wanatambaa."

"Nani kawaona?"

"Mtu wa treni."

Nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani nikamkuta Tekla, binti yangu wa miaka saba, anaruka kamba, na macho yangu hayakutoka miguuni pake. Mume wangu Ngollo akasema huo ni upuuzi, akaenda zake kufyatua matofali ya shule. Neno likabaki kwangu. Mwisho nilibeba debe langu la unga wa njano nikampelekea Mwanahawa, naye akanipa makopa, vipande vikavu vya muhogo mchungu, na kila yalipokwisha tukabadilishana tena, debe kwa debe. Unga ule aliwapa kuku.

Muhogo mchungu naujua tangu utoto, ndiyo maana kosa hili linaniuma. Kule tulikokaa kabla ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa karibu na Kigwa, mama mkwe aliulowesha bwawani siku nne, mpaka kidole kizame, ndipo akauanika. Hapa bwawa hakuna. Bomba ni moja, foleni tangu alfajiri, na maji ya kulowesha debe moja ni ya kunywa siku mbili. Nami nilijua Mwanahawa huulowesha muhogo wake kama sote hapa, kwa haraka. Usiku mmoja, jua la siku moja, akanipa hivyo hivyo, nami nikatwanga. Ugali ukatoka mweupe kama wa sikukuu. Maharage yalikuwa yamekwisha, dagaa hatukuwaona. Tulikula kwa mlenda wiki ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Tekla akawa anasema ana kizunguzungu akishakula. Nikasema ni njaa.

Siku moja tulishinda shamba la kijiji tukipalilia. Kesho yake asubuhi Tekla alisimama, magoti yakakaza, akabaki juu ya ncha za vidole, akaanguka. Akacheka. Akajaribu tena, akacheka kidogo. Mara ya tatu hakucheka.

"Mama, miguu hainisikii."

Mimi nikawaza: ni yale matonge mawili ya Yanga aliyokula kabla sijabadilisha unga!

Nikambeba mgongoni hadi stesheni, treni ikatufikisha Tabora. Hospitalini alitupokea tabibu Kornel, mtu mzima mwenye mvi.

"Shikamoo, bwana tabibu."

"Marahaba, mama. Anakula nini huyu?"

Nikamweleza yote, Yanga na muhogo. Akamgonga goti kwa kinyundo, mguu ukaruka kama wa panzi.

"Huo unga wa njano, jirani alimpa nani?"

"Kuku."

"Na kuku wamelegea miguu?"

Nikamkumbuka jogoo wa Mwanahawa. Juzi watu watatu walimkimbiza wakamkosa. "Hapana, bwana tabibu."

"Babu yako alikuwa na kazi gani?" akauliza.

"Mpagazi. Alibeba pembe mpaka Bagamoyo."

"Mpagazi akilemewa hufanyaje?"

"Hutua mzigo."

"Na akilazimishwa?"

"Hufia njiani."

"Basi na mishipa ya fahamu ni hivyo. Ina chembe hai ndogo sana, na kila chembe ina karakana yake ndani. Sumu ya muhogo mchungu usioloweshwa vya kutosha ikizidi, na chakula cha kujenga mwili hakuna, kazi ya karakana inaharibika. Kwanza chembe hutua mzigo, ijitengeneze. Ukiiondolea sumu, huenda ikainuka. Ukizidi kuilisha sumu, hufa, na hiyo ikifa haioti nyingine."

"Za Tekla zimetua au zimekufa?"

"Sijui, mama. Tusubiri mguu utuambie."

Chakula cha wodi kilikuja: ugali wa njano na maharage. Nilimkatia tonge dogo, bado naiogopa ile rangi. Lakini nilimlisha. Siku ya tano, bado. Siku ya nane, bado. Siku ya kumi na moja alisimama ameshika kitanda, na kisigino kikagusa sakafu. Cha pili kikafuata. Nililia mpaka wagonjwa wakaamka.

"Mama, Yanga imefunga bao," akasema.

Tulishuka Kigwa akitembea kwa fimbo. Leo fimbo imewekwa juu ya dari. Ni mguu wa kushoto tu unaokaza akikimbia. Siku ile tuliporudi, Mwanahawa alitupokea analia.

"Nisamehe, shoga."

"Nirudishie unga wangu."

"Kuku wamekula wote."

"Basi nipe jogoo."

Akacheka huku machozi yanamtoka, akanipa jogoo. Kumkamata kulichukua mchana mzima. Ngollo na wenzake wakaweka pipa la kulowesha muhogo kwa kila nyumba kumi, maji tukayachota kwa zamu.

Mama mwenzangu, jiepushe na haya:

Usiloweshe muhogo mchungu usiku mmoja. Siku nne, mpaka ulainike, ndipo uanike hadi ukauke kabisa.

Usiamini weupe wa unga.

Usile muhogo kila siku bila maharage, karanga au dagaa.

Usiseme kizunguzungu cha mtoto ni njaa tu.

Miguu ikikaza, usingoje kesho.

Usitupe chakula kwa neno la mtu wa treni.