Mshika Mwiko wa Ghorofa ya Nne

Kwanza ulikuja uvumi. Fauzia wa ghorofa ya chini alinikuta naanua nguo, akasema, "Shoga, mimi sipendi kusema ya watu. Lakini mwanao Yasini haogi. Wanasema kaanza unga."

Nikacheka, nikapanda ngazi, na uvumi ukapanda nami. Nachambua mchele, upo. Nasali, upo. Maana kweli kijana wangu alikuwa ananuka. Mimi nilidhani ni viatu. Mama ana kipaji cha kudhani ni viatu.

Kina mama wenzangu mnaolea watoto hapa Berea, ugenini huku kusini, nawaandikia nyinyi. Mimi mtu wa Tanga, darasa la saba, sijui mengi. Haya niliyaona mwenyewe.

Nikamkalisha Yasini kitandani kwake. Nywele zimeshikana, kucha nyeusi, shati ni lile lile alilokuwa nalo siku jirani yetu Aloys alipokuja kuaga safari. "Unavuta nini?" nikamuuliza.

"Sivuti kitu, Mama. Niko kazini."

Mtoto katafuta kazi mji mzima, kumbe ilikuwapo ya kutooga.

Akanieleza. Aloys, yule Mrundi jirani yetu mwenye spaza, kiduka cha mtaani, kule Soweto, kapanda basi na mkewe Emérite kwenda Dar kuchukua vitenge. Safari iliyopita mzigo wao ulilowa wote. Safari hii wakapata dawa. Zamani sana, watu wa Japani wakitaka kuvuka bahari walimchagua mtu mmoja awashikie mwiko. Hachani nywele, hatoi chawa, hafui, hagusi nyama wala mwanamke, anakaa kama aliyefiwa. Yeye akivumilia, wasafiri wanafika salama.

"Na wewe ndiye umechaguliwa."

"Ndiyo, Mama. Wakirudi salama wananipa kaunta ya spaza."

"Na swala je, bila maji?"

"Nimeisimamisha kwa muda."

Kaisimamisha, kama laini ya simu. Na huyo Aloys aliyemwajiri anaimba kwaya kila Jumapili, sauti ya pili.

Nikauliza nani kawaletea elimu hii. Ni Ezéchiel, binamu yake Aloys, anasoma chuo pale Doornfontein mambo ya dini za kale. Nikamfuata huko huko. Kijana mpole, miwani, akanipa kiti.

"Mama Yasini, mimi niliwasimulia tu mezani. Sikujua watafanya. Ni habari walizoandika Wachina waliofika kule. Na nadhani yule mtu walisafiri naye."

"Aloys kabana hela ya tiketi," nikasema. "Endelea. Safari ikienda vizuri?"

"Wanampa zawadi, watumwa, mali."

"Na ikiharibika? Watu wakiugua njiani?"

Ezéchiel akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Mama, hiyo ni historia."

"Nimekuuliza."

"Walikuwa wanataka kumuua. Wanasema hakushika mwiko vizuri."

Ona basi. Mezani kwa Aloys huyu msomi kafika hadi kwenye zawadi, chakula kikaiva, wakala. Lile swali la pili hakuna aliyeuliza. Hata mwanangu, mwenye shingo yake, hakuuliza.

Nikamwambia, "Nipe na mengine. Hao watu walikuwa hawaogi kabisa?"

"Hapana, walipenda sana maji. Wakishazika, familia nzima inaingia mtoni kujitakasa. Uchafu na mikosi kwao ilitolewa kwa maji."

Hilo nikalifunga kwenye pindo la khanga, nikarudi nyumbani.

Nilipofika kwenye robot, zile taa za barabarani za karibu na kwetu, nikamwona Égide, mdogo wake Aloys, anaingia jengoni na wanaume wengine wa pale Soweto, nao wana mizigo yao inayokuja na basi lile. Huyu Égide ndiye aliyekuwa akija kila siku kumnusa mwanangu, kuhakikisha hajaoga. Nikapanda ngazi mbio, mimi na magoti yangu. Nikawapita ghorofa ya tatu, nikasimama mlangoni kwangu.

"Karibuni," nikasema. "Kuna nini?"

"Eish, Mama Yasini," akasema Égide. "Basi limekwama mpakani. Aloys anatapika tangu asubuhi, hawezi kusimama. Tunataka kuongea na Yasini."

"Kuongea tu?"

"Kumuuliza. Kuna kitu amekula, au ameoga. Mtu hawezi kuumwa bure."

Mmoja nyuma yake alikuwa amekunja mikono ya shati. Kwa ajili ya kuongea.

Ndani nikasikia kitanda kinalia. Yasini alikuwa amesikia, na hapo ndipo aliponiita "Mama" kwa sauti ambayo sijaisikia tangu aanze shule. Nikaziba mlango kwa mwili wangu wote. Na mdomo, nashukuru Mungu, haujawahi kuniishia.

"Égide, mwanangu," nikasema, "sogea umnuse. Si ndiyo kazi yako? Huyo ameoga?"

Akasogea hadi kizingitini. Akarudi nyuma. "Hajaoga."

"Basi mwiko umeshikwa hadi unanuka, na Aloys anatapika. Mmesoma nusu. Ezéchiel kanambia sasa hivi: Wajapani hao hao mkosi waliutoa kwa maji. Nyinyi mmemrundikia kijana mikosi ya basi zima, mkaifungia humu. Itakwenda wapi? Imemrudia Aloys mwenyewe."

Wakatazamana. Nilikuwa natunga papo hapo, lakini nilitunga kwa sauti ya mtu aliyesoma.

"Sasa tufanyeje?" akauliza Égide.

"Leteni ndoo."

Wallahi walileta. Wale wale waliokuja kumpiga mwanangu wakapandisha maji kwa ngazi hadi ghorofa ya nne, maana lifti ilikufa zamani, na mimi nikamsugua Yasini kwa dodoki kama sufuria ya pilau. Chawa nao wakapoteza ajira.

Jioni ile Emérite akapiga simu. Aloys kapata nafuu. Alikula mayai ya kuchemsha ya kando ya njia, yaliyoshinda juani, akayatapika yote, sasa anaomba uji. Mimi nikasema basi, watu wameelewa, ni mayai.

Kesho yake Égide akabisha hodi kwa adabu zote. "Shikamoo, Mama Yasini. Kuna ndugu zetu wanasafiri Ijumaa. Wanauliza kama utamwogesha tena Yasini. Na ikibidi, uwaogeshe na wao."

Nikafunga mlango. Wakamtuma Ezéchiel, aje aniambie kazi hiyo ya kuogesha wasafiri ni heshima kubwa: Japani ya kale waliwahi kuwa na malkia aliyesema na mizimu, amefungiwa ndani, anahudumiwa, haonekani na watu.

"Na alipokufa?" nikauliza.

Akavua miwani. "Walizikwa naye watumishi zaidi ya mia."

"Kamwambie Égide aanze kutafuta hao watumishi." Hajarudi.

Kaunta ya spaza Yasini hakupewa, wanasema mwiko hakuumaliza. Anaosha magari sasa. Kazi ya maji, sikumchagulia mimi.

Basi wenzangu, epukeni haya:

Kijana kuitwa "kazini" na mtu asiyemwambia afanye nini, ila asifanye nini.
Kazi yoyote inayokataza sabuni.
Kazi yoyote inayosimamisha swala, au kanisa kwa wenzetu.
Msomi anayesimulia mezani chakula kikiwa karibu kuiva.
Kuondoka kabla ya kuuliza swali la pili.
Kudhani ni viatu.
Mayai ya kuchemsha ya mpakani.