Hawakupatikana

Sisi walimu wa sekondari tumezoea kurudisha kazi za watu, si kurudishiwa zetu. Kwa hiyo siku jopo la chuo liliponirudishia pendekezo langu la utafiti wa udaktari, nilitoka ukumbini nimefura, sikumuaga mtu. Kosa langu, walisema, ni sura ya pili. Sura ya pili! Ile ya mapitio ya maandiko, niliyoisomea mwaka mzima mpaka macho yakawa yananiwasha, nikajaza kurasa kwa kurasa za "fulani alisema hivi, fulani naye akasema vile". Mwenyekiti wa jopo, Profesa Chenge, akaniambia kavukavu kwamba nikirudishwa tena, usajili wangu unafutwa. Nina miaka arobaini na sita. Nikifutwa sianzi tena, na yeye alijua hivyo.

Msimamizi wangu, Dokta Otuoma, mtu wa Mara, mpole lakini mtani kweli kweli, alinifuata mpaka kwenye ngazi.

"Mwalimu Paskazia, pole."

"Pole yako sitaki. Niambie ni mwandishi gani nimemwacha. Mtaje!"

"Hujamwacha hata mmoja, na ndiyo shida yenyewe. Umewapangia wote viti, wamekaa, lakini kikao hujafungua. Watu wanabishana miaka yote hii, wewe unawatambulisha tu kama mshereheshaji wa harusi."

Nilitamani kumjibu jambo ambalo Mkristo halitamki. Nikameza. "Sasa nifanyeje?"

"Wagombanishe. Tazama wanapopingana, halafu utafute kitu ambacho wote wamekiona na hakuna aliyekiuliza. Nadharia siyo lazima ije na ndege kutoka ng'ambo, Mwalimu. Nyingine imelala humo humo ndani ya maandiko, inasubiri wa kuiamsha."

Rahisi kusema, eti!

Utafiti wangu unahusu dagaa. Kandokando ya ziwa letu wanawake wengi hukausha dagaa chini, mchangani. Miradi imekuja na kuondoka ikiwahimiza wajenge vichanja vya miti na nyavu, dagaa wakauke juu, safi, bila mchanga wa kuwasaga walaji meno. Kuna fukwe wamejenga, kuna fukwe wamegoma kabisa. Kwa nini? Hapo ndipo wasomi wanapong'oana macho. Kundi moja linasema ni elimu, hawa wanawake hawajaelewa faida. Kundi la pili linasema ni mtaji, wanaelewa ila hawana uwezo. Na kila kundi lina ufukwe wake wa kuonyesha ushahidi.

Mimi swali hilo lina damu yangu ndani. Mama yangu, Selina, alikausha dagaa maisha yake yote, mchangani. Alitulea kwa dagaa hao. Kila nilipokutana na neno "wasioelewa" kwenye maandiko nilikuwa nalipigia mstari kwa hasira mpaka karatasi inatoboka.

Tena mama mwenyewe ninaye hapa Kiseke, nyumbani kwangu, mwaka wa pili sasa. Tunapendana, lakini tunagombana kama mawifi. Ugomvi mkubwa ni begi. Nguo zake zote anaziweka kwenye begi chini ya kitanda, limefungwa zipu. Akitaka kanga, anavuta begi, anafungua, anatoa, anafunga. Nikamwambia nitamtengenezea kabati. "La nini?" akaniuliza. Nikamwambia yeye ni mkaidi, akaniambia ukaidi nimeurithi kwake, basi tukanuniana mpaka chakula cha jioni.

Nikarudi kwenye maandiko. Nikatandika mkeka sebuleni, nikaweka wa "elimu" huku, wa "mtaji" kule. Kisha nikavunja mafungu hayo nikapanga upya: tafiti zilizokuta vichanja vimeshika upande huu, zilizokuta vimekataliwa upande ule. Haikusaidia. Pande zote mbili kulikuwa na wanawake waliosoma na wasiosoma, wenye kitu na wasio na kitu. Siku zikapita, mama anazunguka mkeka wangu kwa adabu kama anazunguka matanga.

Mchana mmoja, nimechoka, sitaki tena matokeo ya mtu, nikaanza kusoma zile aya za mwisho ambazo hakuna anayezisoma. Vikwazo vya utafiti. Pale mtafiti anapoomba radhi: mvua ilinyesha, gari liliharibika. Mmoja alikuwa amelalamika kwamba aliporudi ufukweni kwa mahojiano ya pili, wanawake wengi hawakupatikana. Nikacheka. Nikachukua mwingine upande ule ule: hawakupatikana. Wa tatu: "sehemu ya wahojiwa walikuwa wamehama." Nikapitia fungu lote la vichanja vilivyokataliwa, na karibu wote walikuwa wanalia kilio kimoja. Nikarukia fungu la pili, la fukwe ambako vichanja vimeshika. Huko hakuna aliyelalamika! Mvua, magari, ndiyo. Lakini wanawake, watafiti waliwaacha wamekaa na waliporudi wakawakuta wamekaa.

"Yesu na Maria!" nikapiga kelele.

Mama akaja mbio na mwiko mkononi. "Nyoka?"

"Siyo nyoka, mama. Kaa hapa. Hivi wewe, kwa nini hukuwahi kujenga kichanja?"

Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Nikijenge, halafu nikibebe kichwani? Si unakumbuka tulivyokuwa tunaishi?"

Nakumbuka sana. Kambi za wavuvi zinafuata dagaa, na wanawake wanafuata kambi. Leo kisiwa cha Kome, kesho Ukara. Darasa la nne nilisoma katika shule tatu, na kila shule nilikuwa mgeni.

Nikampigia Dokta Otuoma saa hiyo hiyo. Nikamweleza huku pumzi zinakatika: si elimu, si mtaji, ni uhakika wa kukaa. Mtu hajengi mahali asipojua kama atakuwepo. Na wote waliliona jambo hilo, wakaliandika kwenye vikwazo kwa sababu liliwasumbua wao!

Akasema taratibu, "Mwalimu, hapo umefungua kikao."

"Na ushahidi ninao, mama yangu mzazi!"

"Hapana. Mama yako hajachapishwa."

"Unasemaje?"

"Usinikasirikie. Mama yako ndiye aliyekufanya usome kwa uchungu, mshukuru. Lakini sura ya pili isimame kwa miguu ya maandiko yenyewe. Ukimtaja pale, Chenge atasema umekuja kumtetea mama yako."

Iliniuma, jamani. Lakini alikuwa na haki. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo wote wawili tulilijua na hakuna aliyelitamka. Katika fungu lile la waliokataa, utafiti wa zamani kuliko wote ulikuwa wa Profesa Chenge mwenyewe. Ndiye aliyeandika kwamba wanawake wale ni wakaidi. Na kwenye vikwazo, ndiye aliyelalamika kuliko wote.

Siku ya jopo nilivaa kitenge alichonichagulia mama. Nilieleza nilichoona bila kupepesa. Nilipomaliza, Profesa Chenge alivua miwani.

"Nadharia hii ni ya nani? Sioni jina la mwenyewe."

"Ni yenu, Profesa. Mimi nimeikusanya tu kwenye kurasa mnazoomba radhi."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Kutopatikana siyo sababu ya kukataa vichanja. Pengine walitukimbia. Pengine walituchoka na maswali yetu."

Loo! Hoja ilikuwa nzito, na jibu la haraka nililokuwa nalo lilikuwa mama yangu. Lilinifika mpaka kwenye ulimi. Nikamwona Dokta Otuoma kwenye kona anatikisa kichwa kidogo.

"Inawezekana, Profesa," nikasema. "Lakini kama wangekuwa wanakimbia maswali, wangekimbia fukwe zote, maana maswali yalikuwa yale yale. Mbona kwenye fukwe zenye makazi ya kudumu walikaa? Na sidai nimethibitisha. Maandiko yamenipa dai, nami naomba ruhusa nikalijaribu. Nikienda ufukwe mmoja nikakuta wanawake wenye elimu sawa na mtaji sawa, mwenye nyumba ya kudumu awe na kichanja na wa kambini asiwe nacho. Nikikuta sivyo, nadharia yangu imekufa, nitaizika mwenyewe."

Profesa akafunua nakala yangu, akafika kwenye ukurasa wenye jina lake. Nilijua anasoma nini. Nikawaza: basi, Paskazia, kwisha habari yako.

"Niliwatafuta wiki nzima hawa akina mama," akasema, sauti yake imeshuka. "Nilikasirika sana. Nilidhani wamenidharau." Akavaa miwani. "Kumbe jibu langu ndilo lilikuwa limehama. Nenda ukalijaribu, Mwalimu."

Nilipita! Nililia pale pale mbele ya wasomi, bila aibu, na Dokta Otuoma akanipa leso yake akiniomba nisiimalize.

Nilifika Kiseke nikiwa napiga vigelegele toka getini. Mama alikuwa jikoni anasonga ugali.

"Mama, nimefaulu! Hawanifuti!"

Akaacha mwiko, akanikumbatia, akanibusu mashavu yote mawili. Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Hongera, mwanangu. Sasa tunahama lini?"

Mwaka wa pili huu ananiangalia nasoma, na kumbe muda wote alikuwa anasubiri safari. Kwake yeye, jambo likiisha watu hufunga mizigo. Na mimi niliyeipigania nadharia hiyo mbele ya jopo, nilikuwa nimemwita mkaidi kwa sababu ya begi.

"Hatuhami, mama," nikamwambia. "Hapa ndiyo kwetu."

"Haya," akasema, akarudi kwenye ugali wake.

Wiki iliyofuata nilimleta Ngosha, fundi seremala, na kabati la mninga, zito, milango miwili. Safari hii mama hakukataa. Alilizunguka, akaligonga, akafungua mlango mmoja akaufunga. Kisha akamsogelea fundi, akashusha sauti nisisikie, nami nikasikia.

"Mwanangu, kabati hili huwa linafunguliwa vipande vipande?"

"Linafunguliwa, bibi. Ni misumari ya kuzungusha tu."

Mama akashusha pumzi. Akaenda chini ya kitanda, akavuta begi, akafungua zipu, akaanza kutoa kanga zake moja moja.