Mjumbe wa Nyumba Mbili

Wivu wa Wegesa haukuwa wa kunong'onwa pembeni. Ulikaa wazi usoni mwake, kila mtu akauona. Mtoto Maroa akianguka uani, aliinuka akilia, akampita Wegesa aliyekwisha kumfungulia mikono, akakimbilia mlango wa Irine. Wegesa alibaki na mikono hewani, akajifanya anaanua nguo ambazo hata hazijakauka.

"Mtoto wa ng'ombe zangu," alinung'unika, "ananipita kama kisiki!"

Ng'ombe walikuwa wake kweli. Kwa Wakuria, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kumtolea mwanamke mwenzake mahari, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Mumewe, marehemu Nyamhanga, alimwachia boma na mabinti wawili, nao wote wameolewa. Ndipo akamwoa Irine, Mjaluo wa Kendu Bay, aliyekuwa akiwauzia chai wachimba dhahabu wa Masara, huku huku Migori. Majirani walimcheka kwa kupeleka ng'ombe wa Kikuria Ujaluoni, lakini siku Maroa alipozaliwa walifyata mikia. Irine alimwita Wegesa Mama, mtoto akamwita Nyanya. Kwa Wegesa hilo halikutosha. Alitaka mtoto akiamka amuulizie yeye kwanza.

Pasaka ya mwaka wa tisini na sita, Irine aliomba kumpeleka Maroa Kendu Bay akawasalimie babu na nyanya wa huko. Wegesa akakataa kata kata.

"Wakishamlisha samaki huko, atanikumbuka mimi?"

"Mama, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," Irine akasema.

Kumwambia hivyo mwanamke aliyezaa mara mbili! Wegesa alienda zake, na tangu siku hiyo wawili hao hawakusemezana. Boma moja, ua mmoja, milango miwili inayotazamana, na kimya. Lakini watu hawawezi kuishi pamoja bila maneno, kwa hiyo maneno wakambebesha mtoto wa miaka mitano.

"Maroa, ambia mama yako mboga imejaa chumvi. Kwani anataka kuniua?"

Maroa alikimbia, akarudi anahema. "Amesema pole, Nyanya. Kesho ataweka kidogo."

Na kweli kesho yake chumvi ilikuwa kidogo. Wegesa akavimba kichwa. Alituma kwamba kuni zimepangwa ovyo, akaletewa asante kwa kukumbushwa. Alituma kwamba Irine anacheka sana na watu kisimani, akaletewa kwamba Irine amesikia. Moyoni alisema, huyu sasa nimempata, bado mtoto tu.

Mtoto naye alikuwa anapungua. Alitafuna kucha mpaka damu ikatoka. Mwalimu wa nasari, Damaris, alikuja mwenyewe kusema kwamba wenzake wakicheza, Maroa husimama ukutani akiwachunga wasigombane. Kisha akaanza kukojoa kitandani, na habari hiyo, Mungu amsamehe, ilimfurahisha Wegesa. Alizunguka kwa majirani akiuliza ni mama gani huyo ambaye mtoto wake anakojoa kwa hofu. Akaagiza Maroa alale kwake. Maroa akakojoa huko pia. Wegesa alianika blanketi nyuma ya ghala ambako Irine hapiti, na habari hiyo majirani hawakuipata.

Likizo ya Agosti ilipofika, Wegesa aliona begi mlangoni kwa Irine. Alimwona Maroa amekaa Kendu Bay kwenye mapaja ya nyanya mwingine, akimwita huyo Nyanya, na wivu ukampanda.

"Maroa! Ambia mama yako, akitaka kwenda aende. Aende peke yake. Na asirudi hapa kwangu, nimemchoka."

Mtoto alimtazama, akatoka. Safari hii Wegesa hakutaka kusimuliwa. Alitaka kusikia Irine akiumia kwa masikio yake mwenyewe, basi akazunguka nyuma ya jiko, akajibanza ukutani kwa Irine.

Maroa hakuingia moja kwa moja. Alisimama katikati ya ua, midomo ikicheza, kama anayekariri shairi la shule. Kisha akaingia.

"Nyanya anasema uende salama. Anasema usalimie watu wa Kendu. Anasema... anasema urudi haraka, atakukosa."



"Huyo jajuok?" Irine akacheka kwa uchungu. Neno hilo la Kijaluo, mchawi, Migori nzima inalijua. "Kwangu anatuma sukari, kwa majirani ananichafua. Ambia yeye nikitoka hapa na wewe, hataona hata kivuli yetu."

Maroa akatoka, na pale kwenye kona akakutana na Wegesa uso kwa uso. Hakujua amesimama hapo tangu lini.

"Mama anasema asante, Nyanya," alisema, akitabasamu. Mkojo ukamtiririka mguuni hadi kwenye kiatu.

Wegesa alilitazama tabasamu lile. Lilikuwa la mtu mzima aliyechoka. Zile pole zote, zile asante zote alizojivunia, zilitoka kwenye kichwa hiki kidogo. Alimshika mkono, akaingia naye nyumba ambayo hakuikanyaga tangu Pasaka.

"Irine. Mimi nimesema usirudi. Nimesema nimekuchoka. Hiyo ya kuenda salama, si yangu."

Irine alisimama na nguo ya mtoto mkononi. Akamtazama Maroa, akaiona suruali yake iliyolowa.

"Na ile ya juzi?" aliuliza polepole. "Kwamba mimi napika tamu kuliko binti zako?"

"Sijasema."

"Mimi pia sijawahi kukuambia pole, Mama. Hata siku moja."

Maroa akajipenyeza katikati yao, akawageukia huku na huku, haraka haraka.

"Nyanya anasema pole," alisema. "Mama anasema si neno. Nyanya anasema tutaenda wote. Mama anasema sawa."

Hakuna aliyekuwa amefungua kinywa. Wegesa alipiga magoti ili wawe kimo kimoja. Miezi yote alipigania kupendwa zaidi, na mtoto hakuwa amepata nafasi ya kumpenda yeyote.

"Wacha, mjukuu wangu. Hiyo nitasema mwenyewe. Wewe nenda ucheze."

Maroa hakwenda. Alisimama pale pale, akiitazama midomo yao, asije akapitwa na neno.