Dawa ya Moyo ya Mheshimiwa Zungu

Wiki nzima MaNdwandwe alikaa kwenye godoro sakafuni, amejitanda blanketi, kama ilivyo ada ya mama aliyefiwa. Waliokuja kumpa pole walipiga magoti mbele yake. Machozi hayakumtoka. Alikuwa akimngoja mtu mmoja.

Mbunge Zungu alifika asubuhi ya maziko, wapiga picha nyuma yake. Ndiye aliyesimama bungeni akasema vidonge vya ukimwi ni sumu, wagonjwa wale vitunguu saumu. Zahanati ikakosa vidonge. Nontuthuko, binti wa MaNdwandwe, akala vitunguu hadi siku aliyokata roho.

Lakini MaNdwandwe alikuwa mpishi wa Zungu miaka sita. Kila saa moja asubuhi alimpelekea vidonge na maji. "Dawa ya moyo hiyo," Zungu alimwambia. Siku bintiye alipokata roho, nesi mmoja alimwonyesha vidonge ambavyo vingemwokoa, na MaNdwandwe akavijua palepale.

Zungu alipiga magoti. Kamera zikamulika.

"Pole, mama. Msiba wako ni wangu."

"Ahsante, baba. Saa ngapi sasa?"

Akatazama saa yake. "Saa moja kamili."

MaNdwandwe akatoa chini ya blanketi kichupa cha vidonge chenye jina la Zungu, alichokichukua jikoni kwa mbunge siku ileile, akakiinua kamera zikione, kisha akamsogezea glasi ya maji.

"Basi usiupitishe wakati, baba. Kunywa sumu yako. Vitunguu alivimaliza mwanangu."